Mapanga ya Pipa

Mume wangu wa kwanza alinirudisha kwa baba siku ya mnada, makusudi, ili njia nzima iwe na watu wa kuniona. Yeye alitangulia na baiskeli, mimi nyuma na godoro kichwani. Tulipofika hakukalia hata kigoda alichopewa. Alisema, "Mzee, nimekuletea mwanao. Hazai. Naomba ng'ombe zangu." Miaka mitano nilimlimia pamba, nikaipalilia, nikaichuma kwa vidole vyangu hivi, na maneno yake ya kuagana yalikuwa hayo tu.

Kwetu Usukumani ndoa ikivunjika mahari hurudi. Hiyo ni mila, sina ugomvi nayo. Shida ni kwamba ng'ombe wa mahari hawakai zizini. Wale walioletwa kwa ajili yangu kaka yangu alikuwa ameshaoa nao, na wifi alikuwa na watoto wawili. Huwezi kwenda kuwaswaga kutoka kwa wakwe zake ukamwacha mwanamke wa watu barabarani. Basi baba akatoa wake mwenyewe, pamoja na maksai wa kulimia, akabakiwa na mmoja tu, mzee, ambaye kila msimu ilibidi amwazimie mwenzake kwa jirani ndipo plau iende. Baba alikuwa fundi wa mikokoteni na nira, mtu wa kuheshimika. Nilimwona akiwafungua kamba ng'ombe wake mmoja mmoja mbele ya yule mwanaharamu, na hakusema neno. Mimi nilisema, ila kimoyomoyo: huyu nitamwona akilia, nami nitakuwa nimesimama.

Watu wa kanisani huniambia nisamehe. Huwa nawajibu nimeshasamehe, kwa sababu ni wazee na wanataka kulala salama. Uongo mtupu. Nikilikumbuka lile godoro, damu inachemka upya.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia watu binafsi biashara. Eneo letu, ambalo siku hizi ni mkoa wa Simiyu, wakati ule lilikuwa upande wa mbali wa Shinyanga, na pamba ndiyo ilikuwa kila kitu. Ushirika uliokuwa unanunua pamba yetu ulikuwa unakufa huku tunauangalia. Malori yake yalikalia mawe, matairi yameshakwenda. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao. Maduka ya Bariadi yakajaa vitu tulivyozoea kuvisikia tu: redio kaseti, betri za gari, mabomba ya plastiki, rangi za makopo. Kila nyumba iliyouza pamba ikataka redio kubwa, redio kubwa ikataka betri, betri ikataka chaji. Na umeme ulikuwa haujavuka mji.

Mume wangu yule alinusa mapema. Akawa wakala wa mnunuzi mmoja pale kwenye senta, njia ya kwenda Kasoli, akajenga duka, akaagiza jenereta kutoka Mwanza. Mwenye betri hakuwa na pa kwenda ila kwake. Watu walimwamkia kama mtemi. Usipomwamkia vizuri, betri yako inalala chini ya benchi. Kaka alipeleka yetu mara moja. Ilikaa siku tatu, ikarudi ilivyokwenda, na ujumbe juu: "Mwambie dada yako aje aiwashe mwenyewe, si ana moto?" Watu wote pale dukani wakacheka. Kaka angeweza kunificha lile neno, lakini hakunificha.

Nikasema basi. Nitamnyang'anya zile betri moja baada ya nyingine, mpaka jenereta lake livume peke yake.

Kule misheni, ambako baba alikuwa akitengeneza milango, nilikuwa nimeona mtambo mdogo wa upepo juu ya nguzo, unachaji betri ya redio ya mawasiliano ya zahanati. Niliukodolea macho siku nzima baba akidhani namsaidia kushika mbao. Haukuwa na uchawi wowote. Upepo unazungusha mapanga, mapanga yanazungusha dainamo, dainamo inalisha betri. Dainamo niliipata kwenye lori la ushirika. Mlinzi wake aliniachia kwa vigoda viwili vya baba. Mkanda na magurudumu ya kuongeza kasi nilivitoa kwenye chakavu cha kiwanda cha kuchambulia pamba. Nguzo kaka aliipeleka mjini ikachomelewa. Hayo yote yalichukua msimu mmoja. Mapanga ndiyo yaliyonitoa jasho miaka miwili.

Baba alianza na alichokijua. "Mti usiovunjwa na shingo ya ng'ombe hauvunjwi na upepo," akasema, akachonga mapanga matatu kwa mti wa nira, mkwaju uliokomaa. Yalikuwa mazuri kuyatazama. Tulipoyapandisha, upepo ukaja, ukatusalimia, ukapita. Hayakutikisika. Yalihitaji kimbunga, na kimbunga kingeng'oa nguzo kwanza.

Tukahamia mbao nyepesi ya mwarobaini, na hapo nikafanya ujinga wangu mwenyewe, ujinga wa Kisukuma kabisa. Kwetu kila kitu cha mbao hupakwa samli: kigoda, mpini wa shoka, chombo cha maziwa. Mbao iliyokunywa samli haipasuki, kila bibi anajua hilo. Nikayapaka yale mapanga mara tatu, nikayaacha yanywe, nikapaka tena mpaka yakang'aa. Tukayapandisha mwezi wa saba, pamba inasombwa kila njia, upepo wa vumbi mtindo mmoja. Siku ya nne mapanga yalikuwa yameota manyoya! Vumbi lilinasa kwenye samli, nyuzi za pamba zikanasa juu ya vumbi. Panga moja likawa zito kuliko mengine, nguzo ikaanza kuyumba. Tukayashusha, tukayalaza ghalani yasubiri kusafishwa, na panya wakatumalizia kazi. Walitafuna ncha zote tatu wakifuata samli.

Habari zikafika senta kabla ya jioni. Yule bwana akawatangazia wateja wake kwamba mke aliyemfukuza sasa anakaanga pangaboi. Hilo ndilo jina watu waliloupa mtambo wangu tangu siku hiyo, pangaboi, kama feni ya darini, na mimi nikaliacha. Cheka, nilisema. Anayecheka mapema ana muda mrefu wa kununa.

Nikanunua bomba nene la plastiki Bariadi mjini. Nikalipasua, nikalilainisha juu ya moto, nikalikunja. Lo! Lilizunguka hata kwa upepo wa kupuliza chai. Betri yetu ikajaa, tukasikiliza redio mpaka mama akaomba tuzime. Lakini jua letu halina adabu. Miezi michache tu bomba lile la buluu likageuka jeupe, ukiligonga kwa ukucha linalia kikavu. Upepo wa mbele ya mvua ulipokuja, likavunjika vipande vitatu nikiwa natazama.

Ndipo tukaja kwenye chuma. Tulikata mapanga kwenye pipa la mafuta, lile la bati nene. Haliliwi na panya, haliogopi jua, na lilivuma vizuri mno hata watu wakasimama njiani kusikiliza. Nilijiona nimemaliza. Baada ya kama mwezi mmoja na nusu nikaanza kusikia kitu: tk, tk, tk, kila mzunguko. Nikadhani ni nati imelegea. Siku ya tatu ya ile tk, asubuhi, nikiwa natwanga, panga moja lilikatika kwenye matundu ya bolti likaruka. Sikuliona likipita. Nilimwona mbuzi jike aliyefungwa karibu na jiko akianguka bila kulia, na shingo haipo mahali pake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwa yule mbuzi.

Tulimchuna kimyakimya, habari zisifike senta. Baba akaokota waya, akaukunja mbele yangu na kuukunjua, akaukunja na kuukunjua, mpaka ukakatika mkononi. "Chuma kina kumbukumbu," akasema. "Kila upepo uliokipinda kinauweka. Siku kikikumbuka yote, kinaachia." Mbao ina nyuzi, akaniambia, inapinda inarudi. Shida yetu haikuwa mbao, ila mbao gani na imepakwa nini.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Lile jenereta lilikuja kutoka Mwanza ndani ya kasha kubwa la mbao za Ulaya, nyeupe, nyepesi, nyuzi zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho, hazina hata fundo. Bwana mkubwa alilivunja akamuuzia mama mmoja mpika pombe, liwe kuni, naye akaziweka kando mbao zile kwa kuwa ziliwaka upesi mno. Mimi nilikwenda kwa yule mama na mzigo wa kuni nzuri za mgunga, nikamwambia tubadilishane. Akaniona mwendawazimu, akakubali haraka nisije nikazinduka. Mbao zile tulizigandisha kwa gundi, tatu tatu, tukazibana kwa kamba za ngozi na mawe. Baba akazichonga kwa tezo na randa kwa mwezi mzima. Samli hatukuisogeza. Tulichemsha mafuta ya mbegu za pamba mpaka yakawa mazito, yale hukauka, hayabaki na ute, tukayapaka na kuyaanika kivulini wiki kwa wiki, kisha rangi ya mafuta juu. Ule ukingo unaopasua upepo, ambao mchanga huula, tukaufunika kwa ukanda mwembamba tuliokata kwenye sufuria kuukuu. Tukayaning'iniza kwa uzi katikati na kuyapunguza kidogo kidogo mpaka yakatulia sawasawa.

Yakazunguka mwezi, miezi mitatu, mwaka. Mvua ikayapiga, jua likayapiga. Kila asubuhi nilitoka nje kuyatazama kabla sijanawa uso, nikajisemea: unachaji betri za wateja wake kwa kasha lake. Utamu wake siwezi kuuelezea.

Kwanza walikuja majirani. Kisha watu wa vijiji vya ng'ambo ya mto. Kisha wale wale waliocheka pale dukani, betri begani, "mwangaluka mayu" nyingi, shikamoo nyingi. Niliwachajia wote, tena niliwapa uji. Nilitaka wanaporudi nyumbani wapite mbele ya duka lake na betri imejaa. Pale dukani, niliambiwa, benchi lilianza kukaliwa na kuku.

Ndipo akaja mwenyewe.

Ilikuwa mchana, jua la saa nane. Baba alikuwa anapiga randa mti wa mkokoteni chini ya kibanda chake, mimi napanga betri. Alishuka kwenye baiskeli kabla ya kufika uani, akaisukuma. "Mwadila, mzee," akamsalimia baba. Kisha akanigeukia, akaniita dada. Dada! Mimi, ambaye kwa miaka mitano nilimkanda mgongo.

Akakalia kigoda safari hii. Akazungukazunguka na habari za mvua na bei za wanunuzi, halafu akatema. Amenunua dainamo mpya kabisa, nguzo ya chuma tayari imesimama mbele ya duka, mafundi wa mjini wamemchongea mapanga ya mti mgumu na hayazunguki. "Nyie mmeshahangaika na haya mambo," akasema. "Nielekezeni tu, dada. Kipi kinadumu?"

Nilimwangalia yale mabega niliyozoea kuyakanda. Jibu la kweli lilikuwa linazunguka juu ya kichwa chake, angeinua tu macho na kuuliza ni mbao gani. Hakuinua. Mtu kama yule haamini kwamba kitu cha mbao kinaweza kuwa bora kuliko cha chuma. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kuezekwa bati senta nzima.

"Pipa," nikamwambia. "Lile nene la mafuta. Sisi tumeweka mbao kwa umaskini tu. Ningekuwa na uwezo wako, ningeweka chuma nikalala usingizi. Kata mapanga manne, marefu kuliko haya yangu, na hapa kwenye shina toboa matundu sita ya bolti, yakaribiane. Hapo hata tufani haliyang'oi."

Matundu sita. Hata lile letu lililokatika lilikuwa na mawili tu. Niliongeza kwa chuki.

Randa ya baba ilinyamaza. Huyu ni fundi aliyewahi kumfuata mteja hadi kwake akamrudishia mkokoteni kwa sababu ya ufa mmoja ambao mteja mwenyewe hakuuona. Nikasubiri aseme kitu. Alipuliza vumbi la mbao, randa ikaanza tena. Mgeni akashukuru kwa mikono miwili, akaondoka, na usiniulize nilijisikiaje. Nilijisikia vizuri sana. Nilipika wali siku ile na haikuwa sikukuu.

Wiki mbili baadaye pangaboi lake lilikuwa linavuma. Lilikuwa refu kuliko langu, limepakwa rangi ya fedha, linang'aa mpaka unaliona toka barabara ya Bariadi. Betri zikaanza kurudi kwake. Wala sikuumia. Nilikuwa nahesabu siku. Nilijua kinachotokea kwenye yale matundu, na kila upepo ulipopita kwetu nilisema asante.

Siku ya mnada nikapita senta kwenda kuona kwa macho yangu. Na hapo nikaona kitu ambacho sikukifikiria.

Mwanamke aliyemwoa baada yangu alikuja na mtoto wa kike mgongoni, wa ndoa yake ya kwanza. Baada ya hapo, miaka mitatu, kimya. Sitasema mengi, watu wana macho, na mimi niliyeambiwa sizai nilikuwa na la kuwaza. Basi yule mke alikuwa ameweka jiko lake la maandazi pale pale chini ya nguzo, kwa sababu wenye betri walikuwa wanakaa pale wakisubiri. Na yule mtoto, wa miaka minne hivi, alikuwa amekaa chini, nguzo katikati ya miguu yake, anapanga vizibo vya soda kwenye mstari. Aliponiona akanishika kitenge. "Mama," aliniambia, maana kila mwanamke ni mama, "na pangaboi la kwenu linaimba?"

Nikamwambia linaimba. Nikanunua andazi ambalo sikulila.

Nilirudi nyumbani nikijipa moyo. Labda litaruka upande wa duka. Labda litamkata yeye, mwenyewe, akiwa amekaa kwenye benchi lake. Niliipenda hiyo picha, nikaitazama mara nyingi. Lakini kila nilipoitazama, yule mtoto alikuwa ndani yake na vizibo vyake. Nikasema atajua mwenyewe mama yake. Nikasema mimi si mlinzi wa watoto wa watu. Nikasema walilicheka tumbo langu, sasa leo tumbo langu liwaonee huruma kwa lipi? Nilisema mengi. Siku zikaendelea kwenda, ikafika wiki ya tano.

Wiki ya sita ukavuma upepo wa mwezi wa tisa, ule unaong'oa nyasi za paa. Ilikuwa asubuhi, tumekaa kula viazi. Niliinuka, nikachukua baiskeli ya baba. Hakuniuliza naenda wapi.

Senta ilikuwa imejaa, siku ya kupima pamba. Kabla sijashuka kwenye baiskeli nikaisikia, juu ya makelele yote yale: tk, tk, tk. Mtoto yuko pale pale, mama yake anageuza maandazi, na watu kama kumi wamekaa juu ya betri zao. Nikamfuata mwenye mali.

"Lisimamishe," nikamwambia. "Shusha mapanga, sasa hivi."

Akanitazama, kisha akawatazama watu, akatabasamu. "Wivu huo," akasema kwa sauti. "Jamani, mnaona? La kwangu limelipita la kwake, roho inamuuma."

Wakacheka. Wallahi wakacheka tena, watu wale wale. Na nikaelewa kwamba hakuna neno la kumfanya alisimamishe isipokuwa moja, na lile moja lingenimaliza mimi. Kule kwetu mtu anayemtegea mwenzake kifo ana jina lake, na mwanamke asiye na mtoto huwa yuko karibu sana na jina hilo. Wako waliouawa kwa hilo. Nilisimama pale nikiwa naweza kabisa kupanda baiskeli nikaondoka. Ningekuwa nimeshaonya. Nani angenilaumu?

Tk, tk.

"Nilikudanganya!" nikapiga kelele. "Nilikudanganya makusudi! Pipa hukatika kwenye matundu, letu lilikatika likamchinja mbuzi, nilijua, nikakwambia uweke pipa na nikakuzidishia matundu ili likuue! Haya, umefurahi? Ondoeni mtoto!"

Yule mke ndiye aliyekuwa na akili pale. Hakuuliza. Aliruka juu ya karai la mafuta ya moto, akamnyakua mwanawe, akakimbia. Ndipo wengine wakatawanyika, na yule bwana akavuta kamba ya breki kwa mikono miwili.

Waliyashusha mapanga mbele yangu. Kati ya manne, matatu yalikuwa na ufa kutoka tundu hadi tundu. Moja lilikuwa limeshikiliwa na kipande chembamba ambacho fundi alikikunja mara moja tu kwa vidole, kikaachia. Lile lilikuwa upande wa jiko la maandazi. Hakuna aliyenishukuru, wala sikungoja shukrani. Mtu mmoja nyuma alianza kulitamka lile neno, na mwingine akamnyamazisha.

Dagashida, baraza la wanaume wa kijiji, lilikaa siku ya pili. Baba alivaa koti lake la kanisani. Yule bwana alisimama na panga lililokatika mkononi akaeleza jinsi alivyokuja kwetu kwa heshima, akakaribishwa, akategewa kifo, na nilipoulizwa kama ni kweli nikasema ni kweli. Mzee mmoja akataka kujua: kama pipa halifai, sisi tunatumia nini? Nikajibu, "Mbao za kasha la jenereta lake. Alizitupa ziwe kuni." Wanaume wale walijitahidi sana. Waliangalia chini, wakakohoa, mmoja akatoka nje kabisa na mabega yanamtetemeka. Nilimtazama yule bwana usoni wakati huo na nikala nikashiba. Hicho ndicho nilichopata katika kazi yote ile, hicho tu.

Kisha wakanitoza faini, na faini ya dagashida ni ng'ombe, huchinjwa uani kwa mkosaji na kijiji kizima kinakuja kula. Baba hakubishana. Alikubali upesi mno, kabla mtu hajalileta tena lile neno mbele ya wazee. Tulikuwa na ng'ombe mmoja.

Walikuja wote. Wakala yule maksai mzee aliyekuwa anatulimia, wakimsifu kwamba ana mafuta kuliko alivyoonekana. Yule bwana naye alikuja, ni haki yake, mila inataka aliyekosewa ale ili yaishe. Alikaa nasi jamvi moja, upande wa pili wa sinia, maana mkosaji na aliyekosewa hula pamoja. Mkewe alikaa kwa wanawake, mtoto amelala mapajani mwake, na hakuinua macho kunitazama.

Baba alikuwa kando yangu. Tangu siku ile ya kigoda na yale matundu sita alikuwa hajanisemesha juu ya jambo hili hata mara moja. Sasa akaniinamia, sauti ya chini, isisikike kwa wageni.

"Mwanangu. Na kama yule mtoto asingekuwepo pale chini?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya watu. "Ningekaa kimya, baba."

Akalitafuna tonge lake taratibu mpaka mwisho, akimwangalia yule mwanamume anavyochagua mnofu mwingine.

"Hata mimi," akasema, akaomba maji ya kunawa.